Kilo Tatu Tu Ndizo Zangu

Wewe uliyekidaka kisa hiki njiani, shika haya machache twende pamoja. Mimi ni fundi cherehani. Watu wananiita Sindano, na si kwa sababu ya kazi. Nilipoanza kusimulia nilikuwa na kilo hamsini na moja, urefu wa mlango, na mchumba ambaye baba yake alikuwa ameapa kwamba binti yake haolewi na maiti inayotembea.

Nilipima damu. Nikapima kifua. Nikapima kila kinachopimika, nikampelekea majibu: mzima wa afya. Mzee akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma, kama anayetafuta kasoro kwenye noti.

"Karatasi haina mashavu, kijana," akasema. "Cheti cha mwanamume ni mashavu."

Juma lililopita niliishia pale nilipotoka kwake, nikafika nyumbani, nikaapa mbele ya mama yangu kwamba nitaongeza mwili au nife. Niliapa kwa sauti. Laiti ningenong'ona.

Kesho yake nikaenda kwa Kocha.

Kocha si kocha. Ni fundi wa kuchomelea mageti. Nyuma ya karakana yake kuna bomba la chuma juu ya nguzo mbili, na vyuma vya kunyanyua ni magurudumu ya gia na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Akanipandisha kwenye mizani anayopimia chuma chakavu.

"Unakula?"

"Nakula sana, Kocha. Sahani inajaa mpaka inamwagika."

"Mara ngapi?"

"Mchana. Na jioni."

"Asubuhi?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai na kazi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kila mwembamba anayekuja hapa ananiambia anakula sana. Mnakula sana Jumapili, halafu mnaikumbuka wiki nzima. Nenda kaandike kila kinachopita mdomoni mwako kwa siku saba. Uandike kweli, mimi si mkweo."

Nikaandika. Nikamletea. Akaisoma Jumanne yangu: mkate, chai, wali nusu sahani, chai.

"Hiki ni chakula cha kasuku," akasema, "tena kasuku mwenye mawazo."

Akaniwekea utaratibu, na nauweka hapa kama alivyousema, maana hauna kosa. Makosa yaliyokuja baadaye hayakuwa yake.

"Tumbo lako dogo na jiko lako kali. Linachoma kuni kabla hujaota moto. Kwa hiyo usingoje njaa. Ukiisikia ujue umechelewa. Kula mara tano. Asubuhi uji wa maziwa, utie karanga za kusaga na kijiko cha mafuta. Saa nne mayai mawili na ndizi. Mchana wali na maharage, na usiyadharau maharage, hiyo ndiyo nyama ya fundi. Jioni viazi na samaki. Ukienda kulala, glasi ya maziwa. Usijaze maji tumboni kabla ya kula, utakuwa umekipangisha chumba kabla mwenyewe hajafika."

"Na vyuma?"

"Mara tatu kwa wiki. Siku nyingine lala. Msuli haujengwi ukiwa unanyanyua, unajengwa ukiwa unakoroma. Jipime Jumatatu asubuhi, basi. Ukiongeza robo kilo kwa wiki, shukuru. Nusu kilo ni sherehe. Ukizidi hapo, jiulize."

"Nijiulize nini?"

"Umekula cha nani."

Nilidhani ni mzaha.

Mama aliposikia utaratibu, akasema jambo moja tu. "Uji niachie mimi."

Asikudanganye mtu: kula bila njaa ni kibarua. Taya zilikuwa zinaniuma kuliko mabega. Mayai ya saa nne nilikuwa nayala nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kwa kuwaonea haya wateja. Siku moja mama mmoja akafungua pazia, akanikuta yai zima mdomoni na macho yamenitoka. Akadhani nimekabwa. Akanishindilia ngumi ya mgongo, yai likaruka, likatua kwenye suruali ya mwalimu mkuu niliyokuwa nimeipiga pasi dakika ile ile.

Nikaifua. Nikaipiga pasi tena. Nikala yai lingine.

Wiki nane, kilo tatu. Hamsini na nne. Mkono wangu, nikiukunja, ulikuwa umeongezeka sentimita mbili. Fundi hupima mara mbili. Mimi nilipima mara tano. Nilizijua sentimita zile kama mtu anavyowajua watoto wake.

Na hakuna aliyeziona isipokuwa mimi na futi yangu.

Siku hiyo hiyo nikawa natembea na mama kutoka sokoni, tukapishana na baba yake mchumba wangu. Alikuwa na mwenzake. Hakutuona, au alituona akatudharau. Akasema, wala hakuteremsha sauti:

"Masikini yule. Anazidi kuisha."

Mama alisikia. Nilimtazama nikitegemea atajibu, maana mama yangu hajawahi kudaiwa jibu. Alinyamaza njia nzima. Mama yangu akinyamaza ujue kuna kitu kimeshabandikwa jikoni.

Ndugu zangu, wiki tano zilizofuata nilifura.

Kilo tisa! Mashavu yakajaa yakaanza kuyabana macho. Shingo ikapotea ndani ya kola. Njaa, ile niliyokuwa naiomba kama mvua, ikaja kama mafuriko. Nilikuwa nakula mara tano, kisha naulizia ya sita. Wateja wakaingia dukani wakisema, "Fundi, sasa umekuwa mtu!" Kumbe miaka yote niliyowashonea nilikuwa nini?

Baba mkwe akaacha kunipita. Akasimama. Akanipa mkono, akaubinya kama mtu anayenunua embe. Juma hilo hilo akatamka tarehe ya harusi kwa mdomo wake.

Na mimi, badala ya kushukuru na kunyamaza, nikawa mhubiri.

Kuna karani mmoja wa posta, mwembamba kama nilivyokuwa, alikuja kupunguziwa koti. Nikamwambia mbele ya wateja wanne, "Ndugu yangu, wembamba ni uvivu wa kula. Mimi nimeamua, nawe amua." Watu wakacheka. Yeye akalikunja koti lake taratibu, akaliweka kwapani, akatoka. Hakurudi tena. Katika yote nitakayoungama humu, hilo nalionea haya kuliko yote.

Kocha peke yake hakunipongeza. Alinizunguka kama anayekagua geti lililochomelewa na mtu mwingine.

"Nyanyua."

Nikainama. Chuma kile nilikuwa nakinyanyua mara kumi mwezi uliopita. Nikakinyanyua mara tatu, magoti yakaanza kucheza.

"Umeongeza kilo tisa na umepungua nguvu," akasema. "Msuli hauna tabia hiyo. Unakula nini kingine?"

"Ulichoniambia."

"Mayai hayana miujiza, Sindano."

"Siitwi Sindano tena."

"Sikiliza, nenda hospitali ukapime..."

"Sema una wivu, Kocha. Umefundisha watu miaka kumi na hujawahi kupata mtu kama mimi."

Akaichukua miwani yake ya kuchomelea, akaivaa, akawasha moto. Ndiyo ilikuwa kwaheri. Mtu mmoja tu aliyekuwa akiniambia kweli nikampa mgongo, tena mgongo wa kuvimba.

Siku tisa baadaye nilikuwa nimepiga goti dukani, napima pindo la suruali ya mteja. Nikaweka alama ya chaki. Nikataka kusimama.

Miguu ikagoma.

Haikuuma. Ilikataa tu, kama punda. Nikashika meza, nikashindwa. Mteja akadhani natania. Alipoona jasho likinitiririka, akanishika makwapani, akaninyanyua kama anavyonyanyuliwa mtoto anayejifunza kutembea. Watu waliokuwa wakiniita mtu walisimama wakitazama.

Nikaenda zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Hakuanza na kifua wala presha. Alianza na uso wangu. Akauangalia kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu.

"Una picha yako ya mwaka jana?"

Nikampa kitambulisho. Akakiweka kando ya shavu langu, akalinganisha. Akanifunua kwapa, akaona mistari myekundu niliyodhani ni ya kunenepa. Akanitoboa kidole.

"Sukari imepanda," akasema. "Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa, daktari. Ni chakula." Nikaanza kumsomea kwa majivuno: uji, mayai, maharage, viazi, samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chakula chako ni kizuri kweli. Natamani wagonjwa wangu wote wale hivyo. Lakini si chakula kilichokufanya hivi." Akaweka kalamu chini. "Nani anakupikia?"

Nikakichukua kitambulisho changu mezani.

"Mama yangu."

"Nenda kaulize. Ukikuta kitu, niletee. Usikimwage, na usikiache ghafla. Umenisikia? Dawa za namna hii zinaulevya mwili mpaka unasahau kutengeneza ya kwake. Ukikata siku moja, unaanguka: kutapika, kulegea, hata kufa. Uje nayo kesho asubuhi."

Nilimkuta mama anachambua maharage yangu.

"Mama, kwenye uji unatia nini?"

"Maziwa. Karanga. Mafuta."

"Na nini kingine?"

"Uchungu wangu."

Hakuinua macho. Akaendelea kutoa mawe, jiwe moja, jiwe la pili. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya gunia la mkaa, akarudi na kopo. Akaliweka mezani katikati yetu. Ndani kulikuwa na unga mweupe wenye chembechembe za pinki. Aliununua sokoni kwa mama mmoja anayeuza mizizi na sabuni. Kijiko kimoja, kutwa mara moja, "kwa waliokonda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa!"

"Basi umejijibu." Akaketi. "Kaka yako alianza hivi hivi. Mkanda ukahama tundu moja, nikasema ni kazi. Ukahama la pili, nikasema ni mawazo. La tatu, nikamzika. Unakumbuka walivyosema msibani? Mama yake alikuwa anatazama tu. Maneno yale nimelala nayo miaka sita."

"Mimi si mgonjwa, mama! Nimepima!"

"Naye hakuwa mgonjwa, mpaka alipokuwa."

"Utaniua!"

"Heri unichukie ukiwa na mashavu," akasema mama yangu, "kuliko unipende ukiwa ndani ya sanduku."

Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki. Si kwa heshima yake, kwa heshima yangu. Aliyapokea yote bila kupepesa, kisha akarudi kwenye maharage.

Nikisema kweli, na humu nimeahidi kweli, kilichoniuma kwanza hakikuwa sukari wala miguu. Ni kwamba sikuwa mimi. Nilidhani nimejijenga kijiko kwa kijiko, yai kwa yai. Kumbe nilijazwa, kama mto wa sufi.

Kesho yake daktari aliutazama unga, akanusa, akatikisa kichwa. "Wa nne mwaka huu. Wa kwanza tuliupeleka maabara. Ni steroidi, dawa kali inayovimbisha uso na kulegeza misuli, imesagwa pamoja na dawa ya mzio inayoleta njaa. Tutakushusha taratibu kwa vidonge ambavyo kipimo chake nakijua. Uso utashuka, maji yatatoka. Ndani ya miezi miwili utakaribia ulivyokuwa."

"Kilo ngapi ni zangu?"

"Zile za mwanzo ni ngapi?"

"Tatu."

"Basi tatu. Nazo sina hakika dawa imebakisha ngapi. Endelea na chakula chako na ngoja. Ukipona, rudi kwenye vyuma polepole."

"Harusi yangu ni baada ya wiki saba, daktari. Je, nikianza kushuka baada ya..."

"Utakuwa bwana harusi mwenye mashavu," akanikatiza, "na fungate utalifanyia wodini."

Nikaenda moja kwa moja kwa mchumba wangu. Anafundisha chekechea. Watoto walikuwa wameshaondoka. Tukakaa kwenye vile viti vyao vidogo, magoti yakigusa videvu, nikamweleza yote. Mama. Unga. Wiki saba.

Nilitegemea machozi. Akafikiri kwanza, kama anayejumlisha.

"Wiki saba tu?" akauliza.

"Tu nini?"

"Wiki saba, halafu uanze kuacha."

Nikamtazama. Huyu ndiye aliyenipenda nikiwa na kilo hamsini na moja. Alikuwa akinitilia uzi kwenye sindano jioni macho yangu yakichoka.

"Umesikia alichosema daktari?"

"Nimesikia." Sauti ikaanza kukatika. "Nimepigana na baba miaka mitatu. Kila jioni mezani. Unajua kula kila siku mbele ya mtu anayekuuliza umeshanunua nguo nyeusi? Akikuona umekonda tena kabla ya siku ile atasema, si nilisema? Na mimi sina pumzi ya kumbishia tena. Sikwambii utumie. Nakwambia nimechoka."

Akalaza paji la uso kwenye kimeza kile kilichojaa michoro ya kuku na jua. Nilikuwa na njaa kali, ile ya kununuliwa sokoni, na nilijichukia kwa kuisikia wakati ule.

Siku mbili zilipita nikimeza vidonge vya daktari. Mchumba wangu sikumwambia ndiyo wala hapana.

Siku ya tatu, asubuhi, baba mkwe akaingia dukani.

Hajawahi kukanyaga duka langu. Alikuwa na kitambaa cha kijivu kwapani, kizuri, na nyuma yake binti yake, ambaye alisimama mlangoni asiingie.

"Mkwe!" akaniita. "Nani anashonewa suti ya harusi ya bintiye na mtu baki? Nipime."

Nikachukua futi. Bega, arobaini na nane. Kifua, mia moja na nne. Nilipomzungushia mkono kupima kiuno, akashusha sauti.

"Nilikukosea. Nilikuita maiti mbele za watu. Mtu mzima akikosea lazima aseme. Nisamehe, mwanangu."

Miaka mitatu nilikuwa nayasubiri maneno yale. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi, jinsi nitakavyoyapokea, nitasimamaje, nitanyamaza kiasi gani. Sasa yamekuja, na si yangu. Mzee alikuwa anauomba radhi unga.

Nikafungua mdomo. Mlangoni, binti yake akatikisa kichwa polepole: usiseme.

Nikaufunga.

"Ila mna uchoyo, wewe na mama yako," mzee akaendelea, sasa akicheka. "Siri kama ile mnaificha! Bahati nzuri mke wangu alimbana mama yako kisimani, akapewa kopo zima. Wiki tatu zilizopita. Tumempa mdogo wake huyu, yule wetu wa mwisho, aliyekuwa kama ufagio. Ukimwona hutamjua!"

Kichwa cha mlangoni kikaacha kutikisika. Hakuwa anajua. Niliona uso wake ukijua.

"Anaendeleaje, baba?" nikauliza.

"Ndilo lililonileta hasa. Kopo liliisha siku nne zilizopita. Tangu juzi kalala tu. Anatapika, hata maji hayakai. Leo asubuhi nimemwinua akaanguka. Mama yake anasema mwili umeuzoea unga, unaulilia. Kwa hiyo niongezee, hata nusu kopo, nimuwahishie."

Futi ikaniponyoka, ikalala sakafuni.

"Baba, twende," mchumba wangu akasema. Alikuwa ameshaingia, ameshamshika mkono. "Twende nyumbani sasa hivi, tumchukue mtoto tumpeleke hospitali. Baba, fanya haraka!"

"Hospitali ya nini? Kwa usingizi?" Akamwangalia binti yake. Akaniangalia mimi. Akayashusha macho kwenye mashavu yangu na kuyatazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza. Kicheko kikamtoka usoni.

"Mzee," nikasema, "vaa koti lako. Nitakwambia njiani. Ukishalisikia utaamua mwenyewe kama bado mimi ni mkweo, lakini tembea."

Hakuvaa koti. Akavuta kiti cha wateja, akakiweka katikati ya mlango, akakaa, akakunja mikono.

"Hatoki mtu humu," akasema. "Mmempa nini mwanangu?"